Mama na Kamba wa Dirishani Osaka

Jamani, leo nilitamani ardhi ya Osaka inimeze!

Tumetoka mimi, mama na baba kwenda kuonja vyakula vya Kijapani.

Mkahawa wa kwanza tu, mama kasimama dirishani. Wali na kamba wa kukaanga vimewekwa wazi.

"Hawa hawana hata kawa? Na nzi je?"

Katoa kanga mkobani, kaingia, kafunika sahani zote.

Mwenye mkahawa kaja mbio. Kachukua kamba mmoja, kamgonga mezani: ko, ko, ko!

Plastiki.

Baba, huku akicheka, kampiga mama picha hadi filamu nzima ya kamera ikaisha.

Mama? Wala hakutahayari.

"Muulizeni bei. Wifi yangu wa Nizwa hukitia ila kila ninachopika. Safari hii nampakulia huyu."

Haya semeni: nimwonye shangazi, au nimwache aume kwanza?