Mama Yangu na Mamba wa Ruvuma

Nilimuua mama yangu kwa kalamu, nakiri mwenyewe. Kanisa pale Newala lilifungua darasa la kuandika hadithi, la wageni tu, waliohamia kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Hadithi bora ingechapwa katika gazeti la misheni. Mimi ni mzaliwa wa Chilangala, hata mto wenyewe sijauona, lakini nilitaka jina langu gazetini. Basi nikajiandikisha kuwa mgeni.

Wenzangu waliandika habari za mashamba waliyoyaacha. Mimi nikaandika jinsi mamba alivyomnyakua mama tukivuka, akazama huku akinipungia mkono. Mwalimu alipoisoma kwa sauti, darasa zima lililia. Mzee Nantumbo, mwanafunzi mwenzetu mwenye mvi, akaniuliza, "Mlimwekea matanga, mjukuu wangu?"

"Hapana, babu," nikajibu kwa majonzi. "Siku hizi nalelewa na shangazi, Chilangala."

Nilijiona bingwa kweli kweli!

Jumapili, baada ya ibada, darasa zima likatokea uani kwetu na unga na kuku wawili, wanawake wakilia tangu njiani. Mama alikuwa anapepeta mtama.

"Pole sana, shangazi yake Luka," mzee akamwambia. "Tumekuja kumlilia mama yake, yule aliyeliwa na mamba."

Mama akaweka ungo chini, akanitazama. Mimi nilikuwa nawatazama kuku.

"Karibuni sana," akasema. "Marehemu ni mimi. Kaeni msiondoke, maana mkiondoka tu, hapa patakuwa na msiba wa kweli."