Nimeacha Kupiga, Besi Inaendelea

Mara ya kwanza aliponijia dukani alivua kiatu cha kulia, akaweka unyayo juu ya spika niliyokuwa naijaribu, akafumba macho. Nilidhani ni mgonjwa.

"Kaka, hiyo ni mali ya biashara," nikamwambia. "Kama miguu inauma, maji ya moto na chumvi yako nyumbani kwako."

"Nasikiliza."

"Kwa unyayo?"

"Besi haisikilizwi kwa sikio, mama. Sikio tumewaachia waimbaji."

Nimeuza vyombo vya muziki vya mitumba miaka kumi na tisa. Nilianza na betri na nyaya nilizozitandaza juu ya gunia, leo nina duka lenye mlango wa chuma. Nimewaona wanaogonga spika kwa kidole kama wanachagua tikiti, nimewaona wanaoinusa kama imeungua. Anayesikiliza kwa kisigino sikuwa nimemwona. Nikamtazama upya: mtu wa miaka hamsini na kidogo, mrefu, mikono imejaa alama za cheche, nyusi za upande mmoja zimeungua. Fundi wa kuchomelea vyuma. Watu walimwita Nondo. Mageti na madirisha kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na mwisho wa wiki gitaa la besi katika bendi ya maharusi ambayo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa watatu walioianzisha.

Shida yake ilikuwa moja. Jukwaani hajisikii. Dramu ziko kushoto, tarumbeta nyuma ya kisogo, na kila akiongeza sauti ya spika yake kiongozi wa bendi humgeukia na kumfanyia mkono wa "shusha". Alitaka spika ya kuweka miguuni, imwelekee yeye peke yake.

"Hiyo ni ghali, ni nzito, na kiongozi wako atakufanyia mkono uleule," nikamwambia. Nikafungua droo. "Chukua hiki."

Kilikuwa kikopo cha kuvaa mkandani, ukubwa wa paketi ya sigara, na visikizi viwili vya kuziba masikio. Waya mmoja unatoka kwenye mikisa ya fundi mitambo, ile meza ya kuchanganyia sauti zote, unaingia kwenye kikopo, na bendi nzima inakuwa ndani ya kichwa chako. Wenye pesa hutumia visivyo na waya. Mpiga besi husimama pale alipo kama mlingoti. Waya unamnyima nini?

Nikataja bei. Akacheka hadi akashika kaunta.

"Mama, nimekuja kununua kidude, sikuja kukuoa."

"Kwa hizo nyusi nani akukubali? Taja yako."

Akataja. Na mimi nikacheka. Tulivutana hivyo mpaka chai yangu ikapoa. Hatimaye nikakubali kushuka kwa sharti kwamba atanichomelea kizuizi cha chuma kwenye dirisha la nyuma. Akakichomelea siku iliyofuata, kazi safi, haina hata tone la chuma lililoganda vibaya. Moyoni nikasema nimemla. Yeye naye, bila shaka, alisema vivyo hivyo.

Jumatatu alirudi. Hakusalimia. Alikitua kikopo juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayerudisha nyoka.

"Mama, chukua kitu chako. Kina pepo."

"Mali ikishatoka hairudi, kaka. Maandishi yapo hapo ukutani, na herufi ni kubwa."

"Sikiliza kwanza. Nikipiga, nasikia besi."

"Ndicho ulichonunua."

"Nikiacha kupiga, besi inaendelea."

Nikamtazama machoni nione kama amelewa. Hakuwa amelewa. Uso ulikuwa umemshuka kama wa mtu aliyetoka kutambua maiti.

"Niliondoa mikono yote miwili kwenye nyuzi," akasema. "Nikaiinua hewani, hivi. Besi ikaendelea hadi mwisho wa wimbo. Tena ilikuwa inapiga vizuri."

Nikakichomeka kikopo kwenye simu yangu, nikasikiliza wimbo mzima, sikio la kushoto, sikio la kulia. Kizima kabisa. Nikamwambia hivyo. Akasema basi twende jukwaani nikasikie mwenyewe. Mimi siendi mahali bila makubaliano, kwa hiyo tukakubaliana: kikiwa kibovu nampa kingine kipya, kikiwa kizima ananichomelea rafu ya vyuma, ngazi nne, bila malipo. Tukapeana mikono. Nilijua tayari rafu nitaiweka ukuta gani.

Jumapili saa tisa alasiri nilikuwa pembeni ya jukwaa katika ukumbi wa harusi, nimekaa kwenye kasha la nyaya. Stendi za spika, fremu ya taa, ngazi ya kupandia, vyote alivichomelea yeye, bendi haikutoa hata soda. Kiongozi wa bendi alikuwa mume wa dada yake. Mwimbaji mnene wa shati jeupe, meno yote nje kwa ajili ya wageni. Kwenye kinanda alikaa bwana mmoja mwenye upara, mpole, anayecheza huku ametazama chini kana kwamba ameangusha sindano.

Bendi ikaanza. Nondo akanipa kisikizi kimoja, kingine akabaki nacho. Tukawa tumeunganishwa kwa waya kama ng'ombe wa kulima. Nikasikia dramu, kinanda, shemeji mtu akiimba kuhusu subira, na chini yake besi iliyonyooka, nene, inatembea bila haraka. Nikamwinulia dole gumba.

Nondo akaondoa mikono kwenye nyuzi.

Besi ikaendelea.

Nywele zilinisimama. Mimi si mtu wa mashetani. Shetani hajawahi kuninunulia hata betri. Lakini nilimwona mtu kwa macho yangu, mikono yake iko hewani kama anayejisalimisha kwa polisi, na ndani ya sikio langu besi inatembea tu. Akanitazama. Akarudisha vidole, akapiga kwa nguvu zote, nyuzi zikatikisika. Ndani ya sikio langu hakikuongezeka kitu.

Basi akili ya biashara ikanirudia. Sauti haina mama wala baba, ina waya. Nikaanza kufuata waya. Kutoka kwenye gitaa waya uliingia kwenye spika yake iliyokuwa nyuma yake. Hapo sawa, ndiyo maana siku zote alijisikia kidogo. Nyuma ya spika hiyo ulitoka waya wa pili, mweusi, ule unaotakiwa kwenda kwenye mikisa na kutoka hapo uende kwenye spika kubwa za ukumbi. Nikapiga magoti, nikaufuata chini ya zulia la jukwaa, nikapita nyuma ya dramu, mpaka kwenye kona, nyuma ya pazia.

Uliishia hapo. Haukuwa umekatika wala kuchomoka. Ulikuwa umezungushwa vizuri, duara juu ya duara, ukafungwa kwa utepe wa gundi. Na utepe wenyewe ulikuwa wa zamani, umeota vumbi. Ule ulikuwa utaratibu wa siku nyingi.

Nikainuka polepole, nikatazama kinanda. Mkono wa kulia wa mwenye upara ulikuwa unapamba wimbo. Mkono wa kushoto, chini kabisa, kwenye vibao vizito, ulikuwa unapiga besi.

Nilibaki mdomo wazi pale nyuma ya pazia mpaka mhudumu akaniuliza kama nimeibiwa.

Wimbo ulipoisha na maharusi wakaitwa kukata keki, nilimwita Nondo, nikamwonyesha. Alichuchumaa, akaushika ule mduara wa waya, akaugeuza, akapangusa vumbi kwa kidole gumba. Nilimwona anasoma, kama anavyosoma kiungo cha chuma kilichochomelewa na mtu mwingine.

"Huu ni ufungaji wa fundi mitambo wetu," akasema. "Hufunga kwa mkono wa kushoto."

Akamwita fundi mitambo. Fundi mitambo akaja, akaona kilichoko mkononi mwa Nondo, rangi ikamtoka.

"Tangu lini?"

"Kaka mkubwa, mimi huambiwa tu."

"Nimekuuliza tangu lini. Sijakuuliza nani."

"Miaka miwili. Na miezi kidogo."

Mimi ndiye niliyekaa chini. Miaka miwili! Kila mwisho wa wiki mtu anabeba gitaa, anavaa suti, anapiga kwa saa nne, wageni wanamshika mkono kumpongeza, na hakuna hata mmoja aliyemsikia. Tena alikuwa anasikia besi kutoka ukumbini, akadhani ni yake. Alikuwa anausindikiza mkono wa kushoto wa mtu mwingine.

Kiongozi akafika, bado anatabasamu kwa ajili ya wageni. Tabasamu likaganda.

"Shemeji," Nondo akasema kwa sauti ya chini, "niambie mimi ni nani kwenye bendi hii."

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani nikija mnanipa mboga. Hapa ndipo kazini."

Kiongozi akanitazama mimi. "Na huyu muuza nyaya anafanya nini hapa?"

"Nimekuja kuthibitisha mali yangu," nikamjibu. "Imethibitika. Mbovu ni kitu kingine."

Akafuta jasho. Halafu, kwa kuwa keki haikatwi siku nzima, akasema yote kwa mkupuo. Kwamba masikio ya Nondo yameharibiwa na mashine ya kusagia vyuma. Kwamba alianza kuteleza, uzi wa chini unalia nusu sauti juu ya wenzake, na ukimwambia anasema masikio yake ndiyo kipimo. Kwamba mwenye harusi mmoja aliwahi kuwadai nusu ya malipo yake. "Nilitaka kukuondoa. Dada yako akalia siku tatu. Akasema ukiondolewa kwenye bendi utakufa. Ningefanyaje? Nikakuacha jukwaani, nikakuondoa kwenye spika. Hukuumia. Mgao wako ulikuwa unaupata."

"Dada anajua?"

Kiongozi akatazama viatu vyake. Hapo ndipo Nondo alipobadilika. Waya ulimshangaza, jibu hili lilimkata. Mwenye upara, ambaye alikuwa amesogea karibu bila mtu kumwona, akasema, "Mimi nilidhani unajua, kaka. Nilidhani tumekubaliana wote."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Walisahau kutaja wanaomfichia mwenzao uchi wake bila kumwambia.

"Unganisha," Nondo akamwambia fundi mitambo.

"Shemeji, watu wamelipia harusi, hawajalipia kliniki ya masikio."

"Unganisha, au nashuka na stendi zangu. Zote. Na fremu ya taa."

Kiongozi akazitazama stendi. Spika kubwa nne zilikuwa zimekaa juu yake. Akamfanyia fundi mitambo ishara ya kichwa.

Nondo akaziba masikio yote mawili kwa vile visikizi. Wimbo ukaanza, na ilikuwa aibu. Besi yake ilitoka ukumbini ikiwa juu ya wimbo, imekaa upande kama kofia ya mlevi. Shangazi wa bibi harusi akageuka na sahani mkononi. Lakini nilikuwa namtazama Nondo usoni. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili alikuwa anajisikia, na alichokisikia kilimtoa macho. Hakuna aliyemwambia kitu. Aliacha kupiga katikati ya ubeti, akashika ufunguo wa uzi wa chini, akaulegeza kidogo, akagusa, akaulegeza tena. Kiongozi alikuwa anaimba huku amemkodolea macho. Nondo akaingia tena. Sasa ilikaa.

Wimbo wa pili alichelewa mara mbili, nilihesabu. Wa tatu hakuchelewa. Wa nne mwenye upara aliinua mkono wa kushoto kutoka kwenye kinanda, akauweka gotini, akauacha hapo. Sisemi kwamba Nondo alipiga vizuri kuliko yeye. Alipiga sawasawa, na ilikuwa yeye.

Rafu yangu ya ngazi nne aliileta Jumatano, kama tulivyopeana mikono. Kiongozi naye hakunisahau: aliihamishia bendi yake kwa mshindani wangu wa ng'ambo ya barabara, na bendi mbili nyingine akazitia maneno zikamfuata. Walikuwa wateja wangu wakubwa wa nyaya. Hiyo hasara nimeimeza. Kisha habari ikasambaa, na wapiga besi wakaanza kuja dukani mmoja mmoja, wanazungukazunguka kama watu wanaotafuta dawa ya aibu, wanauliza bei ya kile kikopo. Niliagiza kumi, vikaisha. Wawili kati yao walirudi wiki iliyofuata kununua waya mpya mrefu wa kufika kwenye mikisa. Nyuso zao sikuzipenda, na sikuuliza.

Nondo bado yuko kwenye bendi, waya wake umechomekwa, anaukagua mwenyewe kila mara kabla ya kupanda. Yeye na shemeji yake wanaongea ya kazi tu. Dada yake alikwenda karakana mara mbili kumwomba radhi. Mara zote mbili Nondo alimwona anaingia getini, akawasha mashine ya kusagia, akaendelea na kazi mpaka mama wa watu akachoka kusimama, akaondoka.