Nilimjibu Nesi Sijambo

Kina mama mliopakata watoto hapo, hamjambo? Naitwa Mwanahamisi. Kwetu Maramba, nimeolewa hapa Kigombe, kazi yangu kushona nguo. Nesi kaniomba niseme nanyi wakati mnasubiri mizani. Nimekubali, kwa sababu mwaka jana nilikaa benchi hilihili nikiwa nimekwisha, na hakuna aliyejua.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kudadisi. Mteja akileta kitambaa, nitamuuliza kakipata wapi, shughuli ya nani, na bwana harusi ana tabia gani. Mume wangu Shabani, fundi wa injini za boti, alikuwa akisema mimi nikimfuma mwizi ndani, nitamuuliza kwanza kapitia mlango gani.

Nikajifungua Rehema, mtoto wa kwanza. Uzazi haukuwa mbaya. Shida ilianza kama wiki ya tatu, na ilianzia mwilini, ndiyo maana sikuitambua. Kichwa kizito. Mgongo unawaka. Uji wa pilipili manga naushika mkononi mpaka unapoa. Mtoto akilala, mimi macho makavu. Choo kigumu, siku nne sijaenda. Kuoga kulinishinda. Naitazama ndoo ya maji, naona kuinua kopo tu ni kazi ya watu wawili. Nilinuka maziwa yaliyochacha, pua yangu ikisikia, wala sikujali.

Kisha likaja la kunitisha. Rehema akilia, nilimsikia kama mtoto wa nyumba ya pili. Nilimnyonyesha, nikambadilisha, lakini moyoni hamna kitu. Siku moja mchana, nakunja nepi zake, nikawaza kwamba mimi nisingekuwepo duniani, huyu mtoto angepata mama bora. Niliogopa. Na bado sikumwambia mtu.

Arobaini ikafika, wageni wakajaa. "Hongera mzazi! Hujambo?" Nami kila mmoja namjibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Mavyaa wangu, yaani mama yake Shabani, ndiye aliyeona kuwa siko sawa, ila aliipa jina lake. "Uvivu huo. Mie n'mezaa sita, arobaini ikesha nshashika jembe." Baadaye akasema labda ni shetani, akaniletea kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Nililinywa kwa imani, na dua siidharau hata leo, lakini usingizi haukurudi. Mwisho akamwambia Shabani mbele yangu, "Mpeleke kwao Maramba akapumzike. Mtoto n'tabaki naye mie."

Mtoto wangu anataka kuchukuliwa, nami nimekaa tu kwenye mkeka. Shabani ndiye aliyesema, "Mama, nipe wiki moja."

Sasa sikilizeni kosa langu. Kliniki nilikuwa nimeshakuja mara mbili. Ya kwanza, Rehema kapimwa uzito, nami nikaulizwa, "Mama hujambo?" Nikasema sijambo, alhamdulillahi. Ya pili nikasema kichwa kinauma. Wakapima malaria, hamna, nikapewa vidonge vya maumivu. "Mengine?" "Sijambo, alhamdulillahi." Sikukusudia kudanganya. Ndivyo tulivyolelewa, mtu hoi kitandani ukimuuliza, atasema leo hajambo kidogo.

Mara ya tatu Shabani alinisindikiza. Nikamkuta nesi mtu mzima, Mshambaa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza hali. Nikamjibu kama kawaida. Akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, shukrani zako Mungu keshazipokea. Sasa nijibu mimi. Jana ulioga?"

"Hapana."

"Umecheka lini mara ya mwisho?"

Sikukumbuka. Machozi yakaanza kutoka, wala sikuwa nalilia kitu.

"Umewahi kuwaza bora usiwepo?"

"Ndiyo."

Nilidhani atapiga ukelele. Hakushtuka. Akanishika mkono, akamwita Shabani, siku hiyohiyo tukaenda hospitali kwa daktari wa afya ya akili. Daktari akasema, "Hii ni sonona ya baada ya kujifungua. Ni ugonjwa, na unatibika." Mie neno kusononeka nalijua tangu utoto, kumbe lina ugonjwa wake!

Nilipewa dawa zisizonizuia kunyonyesha, na kila wiki nakwenda kuzungumza. Nafuu haikuja upesi. Niliposikia vizuri nikaziacha dawa kwa akili yangu, nikaanguka tena. Msinifuate hapo.

Udadisi uliporudi, nikaanza kumhoji daktari. Hii sonona ni moja tu? Akasema zipo namna nyingi. Kuna nzito, inakulaza wiki mbili na zaidi. Kuna inayopokezana, mtu leo chini, baadaye yuko juu, halali, anaongea mbio, ananunua hovyo. Hiyo ina dawa zake, ndiyo maana vidonge vya jirani haviazimwi. Kuna ya chinichini, ya miaka. Mtu anapika, analima, ila hasikii raha ya chochote, na watu wanasema ndiyo tabia yake. Na dalili hazifanani: mmoja halali, mwenzie analala kutwa; mmoja hali, mwingine anakula hashibi. Wanaume wengi inatoka kwa hasira.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Shabani yote hayo. Mavyaa alikuwa anakuna nazi. Nilipofika kwenye ile ya miaka, mkono wake ukasimama.

"Mwanahamisi, hiyo yaweza kumpata mtu tangu kafiwa na mumewe, hata watoto wakakua?"

"Yaweza, mama."

Akaiweka nazi chini. "Mie nkadhani ndo n'livyo."

Namshukuru Mungu, namshukuru Shabani kwa ile wiki moja, na nesi yule aliyekataa jibu langu. Nanyi leo mkiingia mle ndani, salamu itikieni kwa adabu zote. Halafu mwambieni nesi mmelala vipi, mmekula nini, na mnawaza nini mkiwa peke yenu. Wazo la kutokuwepo likikujia, usingoje zamu. Sema palepale.

Mavyaa amenipa ruhusa niwaambie. Mwezi wa nne huu anatibiwa, na jana kanikosoa ushonaji huku anacheka. Ndiye yule mwisho wa benchi, aliyempakata Rehema.