Hoskie Agoma Kufa

Hoskie Tohlakai hakuwa mtu wa makelele. Pale Kayenta, katika nchi ya Wanavajo, walimjua kama dereva wa greda, mfugaji wa kondoo na mume wa Glenabah. Akikwambia neno leo, la pili utalisikia kesho. Ndiyo maana siku alipowaka, watu waliihadithia kwa miaka.

Utotoni, katika shule ya bweni ya Wazungu, alisuguliwa ulimi kwa sabuni ya kufulia kwa kosa la kusema Kinavajo. Alipokuwa kijana, Wazungu haohao wakaja kukitafuta Kinavajo hichohicho. Wakampeleka visiwani kupigana na Wajapani, wakampa redio. Vita vilipokwisha, ofisa akamwonya: uliyoyafanya huku usimwambie mtu, awe mama, awe mke. Hoskie akaapa, akafunga mdomo. Akaoa, akamzaa Irma, akafanyiwa tambiko la kumtenga na roho za maadui, na hata mganga aliyemwimbia hakuambiwa kitu. Glenabah alipouliza, jibu lilikuwa lilelile: "Nilibeba redio." Mwishowe akaacha kuuliza.

Miaka ya sabini ilipoanza, likaja kundi la watu wa sinema kutoka California. Wakapiga mahema chini ya majabali mekundu, wakatangaza kwamba wanataka wanaume wa kuigiza na wanawake wa kupika. Hoskie alikwenda kwa sababu greda lilikuwa bovu, na kwa sababu Tully Bitsinnie, binamu yake wa utani, alimsumbua mpaka akachoka.

Msimamizi, Mzungu mmoja aliyeitwa Pruitt, akawapanga mstari na kuwakagua nyuso kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Wote wakapewa sare za Kijapani.

"Binamu, imekukaa!" Tully akacheka. "Mama yako alipitia Tokyo nini?"

"Alipitia, akamkuta baba yako anaosha vyombo."

Watu wakaangua kicheko, lakini Hoskie mwenyewe hakucheka. Kule visiwani, askari wa upande wake mwenyewe aliwahi kumwekea singe kooni, akisema huyu ni Mjapani aliyeiba sare. Alisimama hivyo, mikono juu, mpaka akapatikana wa kumtambua.

Pruitt akashika kipaza sauti. "Jamani! Sinema hii ni ya ushujaa wa Wanavajo! Walisema redioni kwa maneno ya siri. Kifaru cha vita walikiita kobe. Mabomu waliyaita mayai. Adui hakuambulia kitu!"

Shujaa mwenyewe alikuwa ameketi chini ya mwavuli, mwigizaji wa mjini, Mzungu aliyepakwa rangi ya kahawia mpaka masikioni.

Hoskie alijiona kama amevuliwa nguo hadharani. Akageuka kuelekea jikoni. Glenabah, aliyekuja naye kupika, alikuwa ameacha kukanda unga, donge limemning'inia mkononi, macho yote kwake.

Akamwendea Pruitt. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Maneno gani, mzee?"

"Kobe. Mayai. Hiyo ni siri ya jeshi."

"Ilikuwa siri! Serikali imeshaifungua, imo mpaka magazetini. Kwani hukuambiwa?"

Hoskie akatikisa kichwa.

"Kumbe ulikuwa mmoja wao? Safi sana! Basi rudi mahali pako. Ukisikia mlipuko, uanguke, ufe. Na usipepese macho."

Mnavajo hachezei kifo. Kulala ukajifanya maiti ni kukiita kije. Lakini si hilo tu lililompanda Hoskie kichwani. Alivua kofia ya chuma akaitupa, akavua shati, akavua suruali, akasimama na nguo za ndani mbele ya kamera zao.

"Niliitwa Mjapani nimewekewa chuma kooni, na sikufa! Leo nife kwa ajili ya picha yako? Lala wewe ufe!"

Kisha akawageukia wenzake kwa Kinavajo. "Aliyezaliwa na mama Mnavajo na avue!"

Wengi walivua. Tully alibaki, akafa mara nne siku hiyo. Baridi ilipoingia alikuwa akizunguka kwa waganga, usingizi umemkimbia.

Nyumbani Glenabah hakungoja hata mlango ufungwe.

"Baba Irma! Miaka yote hii unapiga kelele usingizini, 'mayai, mayai yanakuja!' Na mimi mjinga naamka alfajiri nakukaangia mayai!"

"Niliapa."

"Uliapa kwa nani? Kwa waliokulisha sabuni? Mganga kakuimbia ugonjwa asioujua! Mama yangu kafa akikuita mzembe aliyebeba redio tu vitani, na mimi nikamwitikia!"

Hoskie alikuwa ameilinda siri ile kama mboni ya jicho, na wenye siri walikuwa wameimwaga bila kumtumia hata salamu. Akaketi sakafuni, akapiga ngumi chini mpaka ngozi ikachubuka. Glenabah alimwangalia, akaleta maji na kitambaa, bado amenuna.

"Sema sasa," akamwambia. "Yote. Ukichoka, pumzika, halafu uendelee."

Alisema kwa siku nyingi, wakiwa machungani.

Sinema ilipofika mji wa Gallup, Hoskie hakwenda. Alikwenda Glenabah, akarudi akitema mate. "Mnavajo anakufa mapema, halafu Mzungu ndiye anayelia mpaka mwisho."

Miaka ikapita, ndipo ofisa mmoja akaja na nishani ndani ya kisanduku. Hoskie alimwacha asimame nje juani.

"Mlipotaka kunipeleka vitani, njia ya kuja hapa mliijua," alimwambia. "Mlipofungua siri, ilikuwaje mkaisahau njia hiyo?"

Yule ofisa alisema hajui, yeye alitumwa tu. Glenabah ndiye aliyepokea kisanduku, akakiweka kabatini. Hoskie alikuwa ameshakwenda kuwafungulia kondoo, akiwafokea njia nzima.