Viatu vya Maalim

Siku moja naikumbuka, mwanangu, wala sitaki kuisahau. Ndiyo kwanza nimehitimu: miaka mitatu ya masomo, mmoja wa mazoezi hospitalini, na leseni yangu nimeitia fremu. Nikawa tabibu wa kliniki huku Likoni, upande wa wagonjwa wasiolazwa. Kazi ni kuwasikiliza, kuwapima na kuwaandikia dawa. Linalonizidi nilipeleke kwa daktari. Nilidhani nalijua lote.

Akaingia Maalim aliyenisomesha Kurani kule Mtongwe, mzee wa kisukari, amekuja kwa dawa zake. Na joto lile, kavaa viatu na soksi. Nikamwamkia, nikamwandikia, nikamsindikiza mlangoni. Kumwambia avue viatu? Nilimwonea haya.

Bi Mwanasha, nesi aliyekuwa kazini kabla sijazaliwa, alimwona akichechemea.

"Miguu yake umeitazama?"

"Ni maalim wangu, Bi Mwanasha."

"Haya zako ziwate, uziache kwenu. Hapa mzee huheshimiwa kwa kutazamwa. Kamrudishe."

Nilichukia, sikufichi. Lakini nilimrudisha, foleni nzima ikitukodolea macho.

"Nimekufunza alifu, mtoto wa kike, leo waniamuru kuvua viatu?" akasema Maalim. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu hilohilo ndilo nitakalo kuliona, Maalim."

Mtu kwenye foleni akauliza, "Kwani huyu ni daktari?" Hapo hasira zikanipanda.

"Si daktari," nikamjibu. "Ni tabibu, na kutazama nimesomea. Maalim, hutoki hapa na viatu."

Nikapiga magoti nikamvua mwenyewe. Soksi ilikuwa imegandia kidonda chini ya kidole gumba, na mwenyewe hana habari, maana kisukari kilikwisha kuyaua maumivu. Nikakisafisha. Upasuaji si kazi yangu, sikuugusa. Nikaandika barua, nikavuka naye feri hadi kwa daktari wa upasuaji. Kidole kilikatwa. Mguu ukabaki.

Jumatatu unaanza kazi, mwanangu, na watakwambia wewe si daktari. Waitikie, kisha uendelee kupima. Mpaka wako ujue wala usiuruke, lakini ndani yake usirudi nyuma hata shubiri, si kwa shehe, si kwa mkubwa wa kazi, si kwangu mimi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na tabibu anayemsaidia kuyaficha ana lake la kujibu mbele ya Mungu. Mimi nilikaribia kuwa na langu, kwa sababu ya soksi.

Maalim aliishi miaka mingi baadaye. Kila mwezi alifika mlangoni kwangu viatu viko mkononi, akiwaambia wenzake kwenye foleni, "Vueni mapema. Huyu hana adabu."

Basi nenda, mwanangu, na Mola akujaalie ukosefu wa adabu wa namna hiyo, na magoti yasiyochoka kupigwa. Amin.