Damu Iliyokataliwa

Habari ilinifikia Jumatatu asubuhi: mama aliyekuwa akikaanga samaki karibu na stendi, hapa Nakuru, ametutoka. Figo zilishindwa. Niliketi jikoni bila kufanya lolote, na hadi leo sijui nimweke wapi moyoni.

Alikuwa mtu wa mzaha. Ziwa lilipofura na kumeza nyumba za ukingoni, lilituletea samaki, na ingawa tulikatazwa kuwavua, mji mzima uliwala. Yeye alituzidi sote, kwani waliobaki jioni ndio waliokuwa chakula chake na cha binti yake wa pekee. Mkono ulipoanza kutetemeka, wateja walimtania: "Mathe, unakaanga hiyo samaki ama unaicheza?" Akawajibu kwamba ngoma ni ya bure, walipe samaki tu. Alicheka hivyo mpaka vikombe vilipoanza kumponyoka, akaenda kupimwa. Akaambiwa zebaki, sumu iliyokuwa ndani ya samaki hao, imeingia kwenye damu.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomvunja. Binti alikuwa amechumbiwa na kijana wa Dundori, na mama, kwa kuwa hakujua kuficha, aliwaeleza wakwe watarajiwa jinsi alivyoambiwa hospitalini. Kwetu damu ni kile kinachotoka ukijikata, na pia ni ukoo. Wao walisikia ukoo. Shangazi wa kijana alishuka mjini, akanywa chai akaimaliza, kisha akasema kwa upole, "Mama, hatukatai msichana. Tunakataa damu."

Mama aliniomba nimsindikize kwa daktari, eti mimi ni mtu wa maneno. Daktari alieleza bila haraka. Binti alizaliwa miaka mingi kabla ya samaki hao, kwa hiyo hakurithi sumu kwa mamake. Lakini naye amewala. Akiacha sasa, mwili utaitoa polepole. Asipoacha, mtoto atakayembeba ataipata tumboni. Tulimpigia shangazi palepale, simu ikiwa mezani ili sote tusikie. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama daktari anaweza kuapa kwamba zebaki haiharibu mbegu ya kizazi, ikafika kwa wajukuu. Daktari alisema inaweza kujeruhi chembe za urithi mwilini mwa aliyeila. Kama jeraha hilo hupita kwa watoto, wataalamu bado wanachunguza. Kuapa hawezi. Shangazi alishukuru, akakata simu. Posa ikaishia hapo, juu ya meza ya mtu aliyekataa kusema uongo.

Tukitoka, mama alinishika kiwiko. "Si nilikula samaki tu?" aliniuliza. "Samaki inakuwaje ukoo?" Tangu siku hiyo alimkataza binti kula kutoka sufuria yake, hata ugali, na binti alilia kila jioni akipakuliwa kando kama mgeni.

Maji yote machafu ya mji huu huteremka ziwani, yangu yakiwemo, na zebaki ya betri tunazotupa na ya taa zinazovunjika. Tulimwaga sote, lakini aibu ilibebwa na mwanamke mmoja, akafa akiamini kwamba amemwachia mwanawe ubaya wa kuzaliwa. Tunapokutana na mgonjwa, basi, kabla ya kumuuliza amezaliwa na nani, tumuulize amelishwa nini. Na tuwe tayari kusikia kwamba aliyemlisha ni sisi.