Vitambaa viwili na kamba ya kisima

Mwaka jana walikuja wageni kijijini kwetu, wakatukusanya skuli, wakatufundisha namna ya kulea watoto huku tukitunza mazingira. Walisema vizuri, siwakatai. Ila walipoondoka waliacha chupa za maji chini ya kila benchi. Mama yangu, aliyekaa mbele kabisa na kuitikia "naam" kwa kila neno, akazikusanya zote kwenye pakacha, akenda zake. Chupa zile mpaka leo zina mafuta ya taa, siki na asali, na moja kaichukua mwanangu, kaitia kokoto, anaitikisa kutwa, ati ngoma.

Jioni ile wageni walipoondoka, mwanangu akaniuliza, "Mama, weye mambo haya ya kulea na kutotupa kitu ulifunzwa na nani?"

Nikamwambia, "Nilifunzwa na makumbi."

Akacheka. Alidhani namtania, na simlaumu, maana miye kwa utani najulikana. Hata siku ya harusi yangu, shehe alipokuja kuniuliza kama nimeridhia, aliniuliza mara nne, anaogopa nisije nikawa nafanya mzaha. Lakini hili la makumbi ni kweli, na nimelikumbuka sana tangu siku ile.

Nyumba niliyokulia ilikuwa Kiuyu, karibu na pwani, na ndani yake hakikutupwa kitu. Nazi ikishaingia kwetu ilikuwa haitoki tena. Tui likenda kwenye muhogo, machicha kwa kuku, kifuu kikawa upawa, na upawa ukivunjika ukawa kuni. Maji ya kuoshea mchele aliyanywa mbuzi. Maji tuliyoogea yalikwenda kwenye mgomba nyuma ya nyumba, na mgomba ule ulikuwa mnene kuliko baba. Baba mwenyewe alikuwa akinunua samaki kule Tumbe akiwaleta kwa baiskeli, na mapakacha yake yakichakaa yakawashiwa moto. Alikuwa akisema anaogopa kuzeeka ndani ya nyumba ile, asije naye akatafutiwa matumizi mengine.

Kitu pekee cha nazi kilichotoka nyumbani ni makumbi, yale maganda yake ya nje yenye nyuzi. Nayo yalitoka kwa muda tu. Mama alikuwa akiyapeleka pwani maji ya bahari yakitoka, anachimba shimo kwenye matope, anayafukia, anayawekea mawe juu. Humo yanakaa miezi na miezi, bahari inaingia na kutoka, mpaka yaoze. Yakishaoza unayafukua meusi, yananuka kama yai viza. Unayapiga kwa gongo, unayaosha, nyama inatoka, zinabaki nyuzi, ndiyo usumba. Usumba ndio unasokotwa kamba.

Na kamba ya kwanza ya kila mwaka ilikuwa si yetu. Ilikuwa ya kisima cha msikiti. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiitoa, alipokufa mama akaipokea. Kila Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia, kamba kuukuu inafunguliwa, inafungwa mpya, watu wapate maji ya udhu na ya kupikia futari bila tabu. Hakuna aliyemwambia mama atoe, na hakuna aliyetangaza. Lakini siye watoto tulijua, na mtu akiteka maji pale tulikuwa tukimtazama kwa jicho la wenye mali.

Sasa pwani pale kila mwanamke ana shimo lake. Na matope ni matope, ukigeuka mara moja hujui tena ulisimama wapi. Kwa hiyo kila mmoja anachomeka kijiti, juu yake anafunga kitambaa. Cha mama kilikuwa kipande cha kanga nyekundu. Hatua tatu kutoka pale palikuwa na kijiti cha jirani yetu, kina kipande cha buibui jeusi.

Jirani huyu alikuwa mjane wa makamo ya bibi yangu. Bibi yangu wa damu hakuwa, lakini kwetu kila mwenye mvi ni bibi yako na ana haki ya kukufinya. Alikuwa mpiga makumbi hodari, na alijijua. Kila siku tukipita pwani atasema, "Miye makumbi yangu hata nifumbe macho nayajua. Nikikanyaga juu yake mguu unaniambia."

Mama anaitikia, "Ndivyo, mama."

"Nyinyi vijana mnatazama vitambaa. Vitambaa vya nini? Mtu asijue chake?"

Nilikuwa na umri wa darasa la pili hivi, meno mawili ya mbele hayajaota sawasawa, na akilini nikajiuliza swali moja tu: kweli mguu unamwambia?

Basi siku moja nimetumwa pwani kuokota vijiti vya kuwashia moto, maji yametoka, hakuna mtu. Nikafungua kitambaa chekundu, nikafungua cheusi, nikavibadilisha. Nikasema kesho bibi atapita, atakanyaga, mguu utamwambia "siyo", atapiga kelele, nami nitacheka, kisha nitavirejesha.

Kesho yake akapita. Akasimama juu ya makumbi ya mama yangu, akapigapiga mguu, akasema, "Yangu haya. Yanakwenda vizuri."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akaniuliza, "Unacheka nini weye kibogoyo?" Nikamwambia namcheka kaa. Kisha ukaja mchezo mwingine, na mwingine tena, na kurejesha vitambaa nikasahau kabisa. Mtoto anaweza kusahau kitu kikubwa kama nyumba.

Shaabani ikaingia. Kamba ya kisima imeshachanika, imefungwa mafundo mpaka ndoo inapanda kama inakohoa. Mama akasema, "Leo tunafukua." Tukenda pwani yeye na miye na mdogo wangu wa kiume. Akaliendea shimo la kitambaa chekundu, akasoma bismillahi, akachimba.

Kumbi la kwanza likatoka gumu. La rangi ile ile ya udongo, kama lilivyotoka kwenye nazi. Akalivuta, halivutiki. Akachimba la pili, la tatu. Yote magumu.

Makumbi yale yalikuwa ya bibi. Alikuwa kayafukia siku chache tu kabla sijabadilisha vitambaa, na ya mama yalifukiwa zamani, tangu kabla ya karafuu kuchumwa. Miye hapo ndipo nilipokumbuka.

Mama akakaa kwenye tope, kanga yake yote ikarowa. Sikuwahi kumwona akikaa vile.

Mdogo wangu akasema, "Mama, labda jini kayafanya."

"Usitaje upuuzi pwani," mama akamwambia. Lakini hakusema kwa ukali. Akatazama lile kumbi mkononi mwake, akasema polepole, kama anazungumza na mtu mwengine, "Mwaka mzima. Pengine Mwenyezi Mungu mwaka huu hakuitaka sadaka yangu."

Angenipiga ningestahamili. Kupigwa nilizoea. Lakini neno lile liliniingia kama mwiba wa pweza... sijui hata pweza kama ana mwiba, ila ndivyo nilivyohisi.

Tukarudi. Baba alipoambiwa akasema, "Si tatizo. Bandarini Wesha zimeteremshwa kamba za nailoni, nitanunua moja. Ile haiozi mpaka kiama."

"Haiozi, lakini inakata viganja," mama akasema. "Yule aliyeweka nailoni kule kisima cha juu, wazee wanateka maji wanalia. Na ikichakaa inatoka vipande vipande, inaingia kwenye maji tunayokunywa. Na tena, sadaka ile ni ya mkono wangu. Ikiwa ya duka, duka ndilo limetoa."

"Basi mwaka huu pumzika."

"Mama yangu hakupumzika hata alipokuwa anaumwa," akasema, akaingia ndani.

Siku tatu alikuwa hivyo. Anapika, anafua, anasali, lakini anasali kwa muda mrefu kuliko desturi, na akimaliza anabaki amekaa pale pale kwenye mswala. Nilijua anafikiri nini. Anatafuta kosa lake. Namsikia anamuuliza baba kama kuna mtu kamkosea, kama kuna deni la funga hakulilipa. Na kosa lenyewe limekaa karibu naye, linamenya ndizi.

Siku ya nne, baada ya alasiri, mama alinipa bakuli la muhogo wa nazi nimpelekee bibi. Nikampelekea. Bibi yuko barazani anasuka ukili.

"Karibu kibogoyo. Mama yako hajambo? Naona siku hizi hatoki."

Nikajibu, "Hajambo," nikaweka bakuli, nikasimama. Miguu haiondoki.

"Una nini? Umevunja kitu?"

"Sijavunja."

"Umeiba?"

"Sijaiba. Bibi, mguu wako... mguu wako ni muongo."

Akaacha kusuka. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, vitambaa, kaa niliyemsingizia, mama kukaa kwenye tope, na neno alilolisema. Nilipofika hapo nikaanza kulia, na miye nilikuwa silii ovyo.

Bibi akauweka ukili kando. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nakanyaga makumbi ya mama yako?"

"Ndiyo."

"Na ninayasifu?"

"Ndiyo, bibi. Ulisema yanakwenda vizuri."

Akatazama njiani kama kuna mtu anayetusikia. "Hilo la mguu usimwambie mtu," akasema. "Mengine nitamwambia miye. Nitasema nilifunga vitambaa vibaya, macho yangu mabovu. Wazee tunasamehewa."

Hapo nilikuwa nimeokoka. Mtoto mwenye akili angesema ahsante bibi, akenda kucheza. Nami nilitaka, wallahi nilitaka. Lakini nikamfikiria mama juu ya mswala, nikaona akija kuambiwa uongo baada ya siku zote zile, itakuwa nimembadilishia kitambaa mara ya pili.

Nikasema, "Nitamwambia mwenyewe."

Bibi akanitazama. Kisha akasimama, akachukua jembe lake dogo na lile bakuli. Muhogo akauhamishia kwanza kwenye sahani yake. "Haya twende. Kwani bakuli la mama yako nitalirejesha tupu?"

Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Ukipewa muhogo utarejesha embe, huna embe utatia hata ndimu mbili au kipande cha chumvi. Tukenda pwani, maji ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Bibi akachimba penye kitambaa chake cheusi, akatoa kumbi moja. Jeusi, laini, linanuka mpaka macho yanatoka machozi. Akalitia ndani ya bakuli, akanikabidhi.

"Peleka. Na ukipigwa piga kelele nzuri, nisikie huku."

Nikafika nyumbani. Mama yuko uani anapepeta mchele. Nikamwekea bakuli mbele yake.

"Bibi karejesha nini? Mbona linanuka?"

"Makumbi yako, mama. Yamekwiva. Yalikuwa pale pale siku zote. Vitambaa nilivibadilisha miye."

Mama akaweka ungo chini. Akalichukua kumbi lile, akalivuta, na nyuzi zikatoka ndefu, safi, bila kugoma. Akavuta tena. Nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

"Kwa hiyo hakuikataa," akasema.

"Nani?"

"Si kazi yako." Akafuta macho kwa nyuma ya kiganja, akajipaka tope la makumbi usoni. Kisha akanitazama, nikaona uso unabadilika, na mkono unatafuta fagio la chelewa. Nilipiga kelele nzuri kama nilivyoagizwa, na kwa bibi nikasikia mtu anacheka.

Adhabu ya kweli ilikuwa baadaye. Makumbi mabichi ya bibi niliyafukia upya mwenyewe, moja moja, na mawe nikapanga. Yale ya mama nikayapiga kwa gongo kila nikitoka skuli, mpaka viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakatoka mengine. Darasani hakuna aliyetaka kukaa karibu nami kwa harufu. Bibi akaja na gongo lake kusaidia, bila kuitwa, na kila nikipumzika ananiambia, "Piga, fundi wa vitambaa." Mama akanionesha namna ya kusokota, nyuzi usingoje zimalizike, unaongeza nyingine kabla ya kwisha, ndipo kamba isikatike. Jioni zile tulikaa watatu uani, tunasokota, wao wanazungumza, miye nacheka. Ningepewa leo jioni moja katika zile, harufu yake na yote, ningeichukua.

Kamba ilikwisha siku mbili kabla ya mwezi kuandama. Baba akaifunga kisimani. Mama akaniambia niteke ndoo ya kwanza. Nikateka, nikivuta kwa vile viganja vilivyochubuka, na kamba haikuniuma hata kidogo. Mama akachota kwa kata, akanimiminia mikononi polepole, akasema kwa sauti niliyoisikia miye tu, "Mwenyezi Mungu akupokelee na weye."

Bibi naye akaja na ndoo yake. Akaishika kamba, akaivuta, akainusa, akageukia wanawake waliokuwa pale, akasema, "Usumba huu hata nifumbe macho naujua. Ulikuwa chini ya mguu wangu."

Mama akanitazama. Nikatazama ndani ya kisima, nisije nikacheka.